Sambaza: mgeni aliyekuta meza imeandaliwa

Mpaka mwishoni mwa miaka ya 1950, katikati ya Ziwa Kivu palikuwa na chakula kisicho na mlaji. Planktoni, yaani vijidudu vidogo vinavyoelea majini, vilizaliana huko na kufa bila kuguswa, kwa sababu samaki wachache wa ziwa hili walikaa karibu na ukingo. Ziwa lina kina cha mita 485, lakini chini ya mita sitini hivi maji hayana oksijeni, yamejaa gesi. Uhai unaohitaji oksijeni umebanwa juu.

Katika Ziwa Tanganyika mambo yalikuwa mengine.   Kule dagaa walikula planktoni hadi katikati ya ziwa.

Kati ya 1958 na 1960 Mbelgiji A. Collart alisafirisha vifaranga vya dagaa wa aina mbili kutoka Tanganyika, akavimwaga Kivu. Aina moja ilipotea. Ya pili, Limnothrissa miodon, ndiyo sambaza yetu. Ilinyamaza miaka mingi. Katika miaka ya 1970 ndipo ikadhihirika kwamba imelijaza ziwa.

Sambaza wachanga hukulia kwenye maji mafupi ya ukingoni, wakila planktoni. Wakikomaa huhamia katikati, na usiku hufuata taa za wavuvi, wanaotega wavu kati ya mitumbwi mitatu iliyofungwa kwa miti mirefu. Wakubwa hula pia wadudu, na hata watoto wao wenyewe.

Mlo wa sambaza ulikuwa na gharama. Kijidudu kimoja kinene, Daphnia curvirostris, kilitoweka katikati ya ziwa. Mwaka 1986 mtaalamu Henri Dumont aliandika akihofia kwamba samaki huyu angemaliza chakula chake, naye aangamie. Hakuangamia. Vijidudu vidogo zaidi, vyepesi kukwepa, vilibaki vikamlisha, na Goma, mji ulio ukingoni mwa ziwa, ikaendelea kula bugali na sambaza. Kwa maoni yangu Dumont alihesabu vizuri vilivyoliwa, akasahau vilivyobaki.

Mwaka 2006 Mtanganyika mwingine, samaki Lamprichthys tanganicanus, alionekana Kivu. Naye hula planktoni zilezile, na sasa anaingia katika nyavu zilezile.