Bunduki Iliyoshindiliwa

Kila watu wanapouawa kwa risasi huko Marekani hukosi kusikia ikitajwa haki ya raia kumiliki silaha, iliyoingia katika Katiba mwaka 1791. Sheria ya Boston ya mwaka 1783 haitajwi sana.

Sheria hiyo ilikataza kuingiza bunduki iliyoshindiliwa katika nyumba, ghala au duka lolote mjini humo. Aliyekamatwa alilipa faini ya pauni 10, na bunduki akanyang'anywa. Sababu ilikuwa moto. Nyumba ikiungua, wanaume waliokuja kuizima waliweza kuuawa na bunduki iliyofyatuka yenyewe ndani kwa joto.

Na waliotunga sheria hiyo hawakuwa maadui wa bunduki, hata kidogo! Walikuwa wakimaliza vita vya kumng'oa Mwingereza, na katiba ya jimbo lao la Massachusetts, ya mwaka 1780, ilikwisha wapa wananchi haki ya kushika silaha.

Mwaka 2008 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilifuta marufuku ya bastola jijini Washington, pamoja na amri ya kuzitia kufuli bunduki majumbani. Jaji Stephen Breyer, wa upande ulioshindwa, aliwakumbusha wenzake sheria ya Boston. Wakajibu kwamba ile ilihusu moto tu. Jibu jepesi, kwa maoni yangu. Hata hivyo waliandika kwamba sheria za kuhifadhi silaha ili kuzuia ajali hawakuzigusa.

Massachusetts yenyewe, tangu 1998, humtaka mwenye bunduki aifungie kila isipokuwa mikononi mwake.