Erlang: lugha iliyofaulu, kisha ikakatazwa kazini

Jamani, ninyi mnaoandika programu, mmewahi kumwomba mkubwa wenu kazini awaruhusu kutumia lugha isiyojulikana sana? Mimi nimeomba, na jibu nimelizoea: "Ukituacha, nani ataisoma kazi yako?" Swali hilo si la kijinga. Hebu tuangalie yaliyoipata Erlang.

Mwaka 1986, katika maabara ya kampuni ya Ericsson huko Uswidi, Joe Armstrong alianza kutafuta njia bora ya kuandika programu za mitambo ya simu. Robert Virding na Mike Williams wakaungana naye. Mtambo wa simu hauzimwi ovyo, maana watu wanazungumza. Basi Erlang hugawa kazi kwa vijiprogramu vingi visivyotumia kumbukumbu moja. Kimoja kikianguka, kingine hupewa habari na kukianzisha upya, na wengine wanaendelea kuongea bila kujua lolote.

Mwaka 1995 mradi mkubwa wa Ericsson ulioitwa AXE-N, ulioandikwa kwa C++, ulivunjika. Erlang ikapata nafasi yake. Mwaka 1998 ukatoka mtambo wa AXD301, wenye zaidi ya mistari milioni moja ya Erlang.

Sasa sikieni ajabu. Mwaka huohuo, kitengo cha Ericsson Radio kilikataza Erlang katika bidhaa mpya! Lugha haikuwa imeshindwa. Wakubwa walitaka lugha zinazotumiwa kote duniani, wasiubebe peke yao mzigo wa kuitunza.

Desemba 1998 Erlang ikatolewa kama programu huria. Armstrong na wenzake wakaondoka, wakaanzisha kampuni ya Bluetail. Mwaka 2004 Armstrong alirudi Ericsson. Nayo WhatsApp, iliyoanza 2009, ilijenga seva zake kwa Erlang. Facebook ikatangaza kuinunua mwaka 2014 kwa dola bilioni 19 hivi. Salamu unazomtumia mama kijijini zimepitia humo.

Kwa maoni yangu, kuiachilia lugha ndiko kulikojibu swali la mkubwa: wa kuisoma wakapatikana nje ya kampuni. Kwetu pia ni hivyo. Kabla ya kuomba ruhusa, fundisha wenzako wawili, kisha chagua kazi ndogo inayosimama peke yake. Mkubwa akiuliza nani ataisoma, wenzako hao wainue mikono.

Je, kazini kwenu nani angeinua mkono?