Uganda: Mitandao ya kijamii baina ya sauti ya wananchi na uvumi

Jioni ya Januari 13, 2021, saa chache kabla ya vituo vya kupigia kura kufunguliwa, intaneti ilizimwa kote nchini Uganda. Haikuwa hitilafu ya mitambo. Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo, UCC, ilikuwa imeziagiza kampuni za simu zikate huduma hiyo, na siku moja kabla yake ilikuwa imekwisha kuamuru mitandao ya kijamii ifungwe. Intaneti ilirejeshwa baada ya takriban siku tano, matokeo yakiwa yametangazwa: Rais Yoweri Museveni alipata asilimia 58 ya kura, naye mpinzani wake mkuu, Robert Kyagulanyi, ajulikanaye zaidi kwa jina la kisanii la Bobi Wine, alipata asilimia 35. Mitandao ya kijamii ilichelewa zaidi kufunguliwa, na Facebook ikaendelea kubaki chini ya kufuli.

Katika muda wa miaka michache Uganda imejaribu karibu kila njia ambayo dola huweza kutumia dhidi ya mitandao hiyo: kuifunga, kuitoza kodi na kuitungia sheria. Historia hiyo inaonyesha jinsi simu ya mkononi inavyoweza kumkaribisha raia katika siasa, kumtenga na jirani yake, na kumpotosha, yote hayo kwa wakati mmoja.

Kampeni zahamia kwenye simu

Mwezi Juni 2020, kutokana na janga la UVIKO-19, Tume ya Uchaguzi ilipiga marufuku mikutano mikubwa ya hadhara na kuwataka wagombea wawafikie wapiga kura kupitia vyombo vya habari. Baadaye mikusanyiko midogo iliruhusiwa, lakini kwa masharti ya idadi ya watu.

Uamuzi huo haukuwagusa wote kwa usawa. Kyagulanyi alizuiwa mara kadhaa kuzungumza katika vituo vya redio alivyokuwa amealikwa. Timu yake ikageukia matangazo ya moja kwa moja kupitia Facebook, yaliyowafikia vijana wa mijini pamoja na Waganda waishio ughaibuni. Katika nchi ambayo wananchi wake wengi hawajafikisha umri wa miaka 30, simu ikawa jukwaa la kampeni.

Umaarufu wa kughushi

Penye hadhira, hapakosi wenye kutaka kuilaghai. Januari 11, 2021, siku tatu kabla ya kura, Facebook ilitangaza kwamba imeondoa mtandao wa akaunti zilizohusishwa na kituo cha mawasiliano kati ya serikali na wananchi, kilichokuwa chini ya Wizara ya Habari na Teknolojia ya Mawasiliano. Kwa maelezo ya kampuni hiyo, akaunti bandia zilitumiwa kuendesha kurasa, kutoa maoni chini ya machapisho ya watu wengine, na kusambaza upya ujumbe uleule ili uonekane kuungwa mkono kuliko ilivyokuwa kweli.

Rais Museveni alijibu katika hotuba kwa taifa. Alidai kwamba mtandao huo umeegemea upande mmoja, na kwamba hakuna mgeni mwenye haki ya kuwaamulia Waganda nani mwema na nani mbaya. Hoja hiyo haikukosa uzito, kwani kampuni iliyo mbali kweli ina uwezo wa kunyamazisha sauti katika uchaguzi wa nchi nyingine. Hata hivyo, jibu la serikali halikuishia kwa kampuni hiyo. Lilimnyamazisha kila mtumiaji, awe mkweli au mwongo, mfuasi wa chama tawala au wa upinzani.

Tukio moja, simulizi mbili

Mgawanyiko wa kisiasa ulikuwa umejidhihirisha miezi miwili kabla. Novemba 18, 2020, Kyagulanyi alikamatwa wilayani Luuka kwa tuhuma za kuvunja masharti ya kudhibiti maambukizi. Ghasia zilizuka Kampala na katika miji mingine, na watu wasiopungua 54 waliuawa.

Video za simu zilisambaa ndani ya dakika chache. Serikali ilieleza kuwa vyombo vya usalama vilikuwa vikikabiliana na wafanya fujo. Upinzani ulisema raia wasio na silaha walipigwa risasi. Kila upande ulisambaza picha zilizothibitisha kile ulichokwisha kukiamini. Mitandao imeundwa ili mtu apewe zaidi ya kile kinachomfanya aendelee kutazama, na hasira hushika macho kuliko utulivu. Hivyo wakazi wa mtaa mmoja waliweza kuishi katika nchi mbili tofauti.

Mwaka uliofuata, wanahabari wa BBC walikusanya video hizohizo, wakalinganisha majengo, barabara na nyakati, na kuonyesha kwamba risasi zilizofyatuliwa na maafisa waliokuwa wakipita kwa gari katika barabara kuu ya Kampala ziliwapata watu ambao hawakuwa wakiandamana. Picha zilizokuwa zimechochea ugomvi ziligeuka kuwa ushahidi, baada ya kila moja kuulizwa ilipigwa wapi na lini.

Kodi, kufuli na kifungo

Kabla ya hapo serikali ilikuwa imejaribu njia ya kodi. Kuanzia Julai 1, 2018, kila mtumiaji wa Facebook, WhatsApp, Twitter na mitandao mingine kadhaa alitakiwa kulipa shilingi 200 za Uganda kwa siku. Rais alikuwa amelalamikia umbeya, au lugambo kwa lugha ya Kiganda, unaoenezwa mitandaoni. Watumiaji wengi walikimbilia programu za VPN, ambazo huficha mahali mtu alipo. Wengine waliacha kabisa kutumia intaneti. Katika mwaka wa fedha wa 2018/2019 zilikusanywa takriban shilingi bilioni 49.5, ilhali matarajio yalikuwa bilioni 284. Mwezi Julai 2021 kodi hiyo ilifutwa, na mahali pake ikawekwa kodi ya asilimia 12 juu ya vifurushi vya intaneti.

Ikaja zamu ya sheria. Marekebisho ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta yaliyotiwa saini Oktoba 2022 yaliweka adhabu ya hadi miaka 7 jela kwa baadhi ya makosa, ikiwemo kueneza chuki. Mnamo Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilibatilisha kifungu cha sheria ya awali kilichohusu mawasiliano ya kuudhi. Hata hivyo, Julai 2024 mahakama mjini Entebbe ilimhukumu kijana mmoja kifungo cha miaka 6 kwa video za TikTok zilizomtusi rais na familia yake, ijapokuwa alikiri kosa na kuomba msamaha.

Wala uvumi haukukoma. Katikati ya mwaka 2021, Facebook ikiwa imefungwa, habari za uongo kwamba rais amefariki zilienea hadi yeye mwenyewe akaagiza waliozianzisha wasakwe.

Shimo lenye anwani

Mwezi Aprili 2023 mitandao ilionyesha sura nyingine. Jimmy Spire Ssentongo, mchora vibonzo na mhadhiri wa chuo kikuu, aliwaalika wakazi wa Kampala kupiga picha za mashimo ya barabarani na kuzichapisha kana kwamba ni maonyesho ya sanaa. Maelfu ya watu waliitikia. Rais aliagiza mamlaka ya jiji, KCCA, ipewe shilingi bilioni 6 za kuziba mashimo hayo. Baadaye yalifuata maonyesho kama hayo kuhusu hospitali, na mwanzoni mwa 2024 kuhusu matumizi ya fedha bungeni. Julai 23 mwaka huo vijana waliitisha maandamano kuelekea Bunge kupinga ufisadi, na makumi kati yao walikamatwa.

Nguvu ya picha za mashimo ilikuwa nyepesi kueleweka: shimo lina anwani. Aliyetilia shaka aliweza kutembea hadi barabara iliyotajwa akajionea. Uvumi hauna anwani. Hujificha nyuma ya maneno “nimetumiwa hivi”, na kila anayeupeleka mbele huamini kwamba mwenzake ndiye aliyehakiki.

Wahenga walisema: lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja. Kwenye simu msemo huo hauna budi kupokelewa kwa tahadhari, kwa kuwa lisemwalo huweza kuwa limetungwa na akaunti isiyo na mtu nyuma yake. Mwananchi apokeaye ujumbe wa kumtia hofu au hasira ana maswali matatu ya kuuliza kabla ya kuusambaza: nani aliyeona, wapi, na lini? Ujumbe usiojibu hata moja kati ya hayo haustahili kupelekwa kwa jirani.