Mwangwi Katika Mimba Changa

Zamani mimba changa ilikuwa siri hata mbele ya tabibu. Mama akitokwa na damu katika mwezi wa pili, hapakuwa na mtu awezaye kumwambia kwa yakini kama aliyemo tumboni yu hai au amekwisha kufa. Eksirei haikufaa: mifupa ilikuwa haijakomaa, na mwaka 1956 Alice Stewart wa Oxford alionyesha kuwa miali yake tumboni ilihusiana na saratani za watoto.

Msaada ulitoka kiwandani, si hospitalini. Ian Donald, profesa wa ukunga katika Chuo Kikuu cha Glasgow, alikuwa ametumikia jeshi la anga la Uingereza wakati wa vita, na habari za rada hazikuwa ngeni kwake. Mwaka 1955 alichukua vivimbe vilivyotolewa kwa wagonjwa, akavipeleka katika kiwanda cha Babcock & Wilcox huko Renfrew, ambako sauti isiyosikika kwa sikio ilitumiwa kutafuta kasoro ndani ya chuma. Uvimbe wa maji ulitoa mwangwi wa namna moja, na wa nyama ngumu namna nyingine. Akisaidiana na mhandisi Tom Brown na tabibu John MacVicar, alitangaza matokeo yao katika The Lancet mwezi wa Juni 1958.

Hata hivyo mimba changa iliendelea kujificha nyuma ya mfupa wa kinena na matumbo yenye hewa, kwa maana hewa huzuia mawimbi hayo. Dawa yake ilikuwa duni ajabu, nayo ni kibofu kilichojaa mkojo. Mwaka 1963 Donald aliona kuwa kibofu kikijaa husukuma matumbo kando, na maji yake huwa kama dirisha. Tangu hapo wanawake wengi walinyweshwa maji wakangoja kwa taabu, mpaka kilipokuja kipimo cha kupitia ukeni.

Mwaka 1972 Hugh Robinson, katika mji ule ule, alinasa mwendo wa moyo wa kijusi katika wiki za awali; mwaka 1973 akapima urefu wake toka utosini hata matakoni, akakadiria umri wa mimba kwa tofauti ya siku tano hivi.

Lakini kuona si kuhukumu. Ilidhihirika baadaye kuwa mipaka iliyotumika Uingereza ingeweza kumhesabu aliye hai kuwa maiti, na mwaka 2011 ikasogezwa mbele. Kijusi cha chini ya milimita 7 kisichoonyesha mpigo hakikatiwi shauri siku hiyo. Mama huambiwa arudi baada ya siku 7 au zaidi, naye huenda nyumbani na swali lile lile la zamani.