Gemu Gani Itauza? Hakuna Ajuaye

Leo tuweke programu kando kidogo, tutazame historia.

Vijana wanaojifunza kuandika programu huniuliza sana: nikiunda gemu ya aina gani nitapata pesa? Jibu halipo. Hata kampuni kubwa hazina.

Mwaka 1982 Atari ya Marekani ililipa mamilioni ya dola ili itengeneze gemu ya filamu ya E.T. Filamu ilikuwa imevuma kila mahali, kwa hiyo wakubwa waliona faida i mfukoni. Mtayarishaji, Howard Scott Warshaw, alipewa kama majuma 5 tu ili gemu iwahi Krismasi. Kaseti zikatolewa kwa mamilioni, nyingi zikakosa wanunuzi. Mwaka 1983 Atari ikazika shehena ya kaseti jaani huko Alamogordo. Zilipofukuliwa mwaka 2014, E.T. ilikuwamo.

Sasa geuza upande wa pili. Mei 2013 Dong Nguyen wa Vietnam alitoa Flappy Bird, gemu ndogo aliyoiunda peke yake. Miezi ikapita kimya. Januari 2014 ikapanda kileleni mwa orodha za gemu zinazopakuliwa bure, na Februari akaiondoa mwenyewe, kelele zimemchosha.

Na huku kwetu? Mwaka 2015 Black Division Games ya Kenya ilitoa Nairobi X, gemu ya kupigana na wavamizi kutoka anga za juu. Uganda nako, Kola Studios ilichukua karata za Matatu, zinazochezwa vibarazani, ikazitia kwenye simu. Hazina picha za kushangaza, lakini Waganda walizipokea kwa mikono miwili.

Basi siri ni kutumia kitu ambacho watu wanakijua? Ngoja kwanza. E.T. nayo ilijulikana.

Ninachokiona mimi ni kwamba wanaofika ni wale waliobaki na nguvu ya kujaribu tena. Mkenya Wesley Kirinya alitengeneza The Adventures of Nyangi mwaka 2007. Hakuishia hapo: mwaka 2009 alianzisha Leti pamoja na Eyram Tawia wa Ghana, wakaendelea na gemu nyingine.

Mkulima wa chai hapa Gesima analielewa jambo hili. Hajui bonasi ya mwaka itakuwa kiasi gani, lakini hauzi ng'ombe kwa ajili ya bonasi ambayo hajaiona. Huchuma, hupokea malipo ya mwezi, husubiri.

Nawe fanya hivyo. Unda gemu ndogo, ya miezi si ya miaka. Usiache kazi inayokulisha, wala usikope. Ikilala, anza nyingine.

Rovio ya Finland ilitoa gemu 51 kabla ya Angry Birds, Desemba 2009, na ilikuwa karibu kufilisika. Ingefungwa baada ya ile ya 51, ya 52 isingezaliwa.

Haya, kazi njema!