Aqal si kibanda, jameni

Wadau, leo nina neno. Kule Uingereza, baa ya kijijini ikiwa na miaka mia tatu, hata boriti zake zinalindwa na sheria. Sheria ya 1947 iliagiza majengo ya kihistoria yaorodheshwe, na ukitaka kubomoa ukuta, lazima uombe ruhusa. Sawa, wanajua kutunza chao. Sasa sisi huku Balambala, aqal tunaiitaje? "Kibanda cha muda." Hapo ndipo nakataa.

Aqal ina hesabu zake. Mizizi na matawi marefu ya mgunga hukunjwa yakiwa mabichi mpaka yashike mviringo. Juu yake inakuja mikeka ya majani ya mkoma na nyuzi za magome. Jua likiwaka, hewa inapita. Mvua ikinyesha, nyuzi zinavimba na kuziba. Upepo nao haupati kona ya kushika. Siku ya kuhama, nyumba nzima inapanda ngamia, na zile fito zilizopinda zinafungwa mgongoni kubebea mizigo.

Na fundi ni nani? Mama. Kabla ya harusi, mama wa bibi harusi na jamaa zake wa kike wanashona mikeka, na nyumba inakuwa ya mke. Mwaka 1995 mtafiti Labelle Prussin alitoa kitabu kizima juu ya nyumba za wahamaji wa Afrika, na wanawake ndio wamejaa humo.

Basi ilipotelea wapi? Watu husema ni maendeleo tu. Lakini wakati wa vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, serikali iliwakusanya wafugaji kwenye vijiji vya ulinzi, na mifugo mingi ikaisha. Bila ngamia, nyumba ya kubebwa na ngamia itaenda wapi? Ukame ukamalizia. Leo ni mabati: mchana ndani unaiva, na fundi ni mwanamume wa kulipwa. Mama hana tena usemi juu ya jengo.

Sisemi turudi kuhamahama. Ila baa unaweza kuilinda kwa sheria na kufuli kwa sababu imesimama palepale. Aqal hushonwa upya kila ikichakaa, kwa hivyo kinachotakiwa kulindwa ni mikono inayojua. Kama ayeeyo wako yuko hai, mkalie leo hii, washa simu, mwambie akuonyeshe fito inavyokunjwa. Akienda, ameenda na ramani.