Nani Atahiniwe? Kupokelewa na Kutengwa Kanisani kati ya Loliondo na Karatu

Swali la nani anastahili kupokelewa kanisani lilipata jibu lisilo la kawaida Loliondo, wilayani Ngorongoro, katika miaka ya 1960. Mwaka 1966 Vincent Donovan, padri Mmarekani wa Shirika la Roho Mtakatifu, alimwandikia askofu wake kwamba misheni ilikuwa na shule na huduma za tiba, lakini hapakuwa na Mmaasai mtu mzima aliyekuwa akiishi Ukristo. Akaomba ruhusa ya kwenda kwenye maboma na kuzungumza na watu juu ya Mungu tu. Katika kitabu chake cha 1978, Christianity Rediscovered, anaeleza kwamba baada ya mafundisho ya takriban mwaka mmoja alikusudia kuwachambua wasikilizaji wake: huyu abatizwe, yule aliyekosa vipindi asubiri, mwingine imani yake bado changa. Mzee Ndangoya akampinga. Padri alipokuwa hayupo, alisema, wao waliendelea kujadiliana usiku kando ya moto. Wavivu walisaidiwa na wenye bidii, wazito wa kuelewa na wepesi, wenye imani haba na wenye imani nyingi. Kwa hiyo aliweza kusema kwa niaba ya wote kwamba wameamini. Donovan akakubali, akawabatiza wote.

Tukio hili mara nyingi husomwa kama ushindi wa ujamaa wa Kiafrika dhidi ya ubinafsi wa Kimagharibi. Usomaji huo unaliacha jambo zito zaidi. Ndangoya hakukataa kwamba imani ipimwe, alibadilisha mtahiniwa. Aliyepaswa kujibu maswali ni jamii nzima: je, ilimbeba aliyekuwa dhaifu? Makala hii inadai kwamba kigezo hicho ndicho kipimo sahihi cha ukarimu wa kanisa, na kwamba katika eneo hilihili la Ngorongoro na Karatu taratibu zetu nyingi bado zinamhoji mtu mmojammoja huku zikijiita za jumuiya.

Kigezo chenyewe kina ufa. Anaposema mzee "sisi tumeamini", nani amehesabiwa? Donovan alilifananisha kanisa na undugu wa rika, asasi ya wanaume. Dorothy Hodgson, katika The Church of Women (2005), anaonyesha kwamba wamisionari hao waliwalenga wanaume kwanza kwa shule, kisha kwa maboma, lakini waliojaa kanisani walikuwa wanawake, mara nyingi waume wakisitasita au kupinga. Waliingia kwa mlango ambao hakuna aliyewafungulia. Somo ni kwamba "sisi" ya jamii ni halali pale tu asiye na kauli barazani anapokuwa na nafasi ya kusema.

Mjini Karatu "sisi" hiyo ina sura nyingine. Mji huu, ulio njiani kuelekea lango la Loduare, unakusanya Wairaqw, Wamaasai, Wabarabaig na wageni wa kila mkoa waliofuata utalii, biashara au vitunguu vya Mang'ola. Tangu maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walipozipa jumuiya ndogo ndogo kipaumbele mwaka 1976, ujirani umekuwa msingi wa uanachama. Ni wazo zuri: jumuiya huuguza, huzika, husuluhisha. Lakini jumuiya ina daftari. Dereva wa watalii anayekuwa porini msimu mzima, mhudumu wa hoteli wa zamu ya usiku, kibarua wa shambani, wote huonekana watoro. Siku wanapohitaji ubatizo wa mtoto au mazishi ya mzazi, huulizwa mahudhurio na michango yao. Kwa kipimo cha Ndangoya, swali lingegeuka: jumuiya ilifanya nini ili wasiokuwapo wajue walichokosa?

Kutengwa ndiko kunakoupima zaidi ukarimu wa kanisa. Wanaanthropolojia walioandika juu ya Wairaqw wanaeleza metimani, hali ya unajisi iliyoilazimu kaya kukaa mbali na majirani, kwa mfano baada ya kifo. Na msichana aliyepata mimba kabla ya ndoa aliweza kufukuzwa kabisa. Katika sharika za Kilutheri, utaratibu wa kumtenga mkosaji na Meza ya Bwana kisha kumrudisha kundini kwa toba mbele ya usharika umeikuta jamii iliyokwishajua kutenga. Hatari ni nidhamu ya kanisa kusikika masikioni mwa watu kama unajisi wa kale. Isitoshe, mimba huonekana na aliyeitia haonekani. Adhabu huangukia mwili unaotoa ushahidi.

Watetezi wa nidhamu wana hoja. Kanisa lisilokemea halina la kufundisha, na Mathayo 18 inatoa hatua za kumwonya ndugu aliyekosa. Ni kweli. Lakini hatua hizo huanza kwa mazungumzo ya watu wawili faraghani, si kwa tangazo la Jumapili. Na katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 2, Paulo anawaagiza waumini wamsamehe na kumfariji aliyeadhibiwa asije akamezwa na huzuni. Mzigo wa kurudi anaupeleka kwa wengi. Nidhamu na kigezo cha Loliondo havipingani. Cha pili kinaikamilisha ya kwanza.

Kwa vitendo, kabla ya baraza la wazee kumhoji anayerudi, lijihoji lenyewe: nani alimtembelea alipotengwa? Mwanamume husika aliitwa? Mtoto alipokelewa bila kusubiri mama amalize adhabu? Jumuiya nayo iandike, pamoja na majina ya watoro, jina la jirani aliyewafuata. Baraza lisilo na majibu ya maswali hayo halijapata bado haki ya kumtahini mwingine.